Sura Mpya ya Karakana ya Nolasko

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Mimi niliitafuta kwenye ile iliyobandikwa ukutani ofisi ya mtaa, nikakuta mkunjo wa karatasi umepita palepale na wino umechunika. Kwa hiyo asitokee mtu kulalamika kwamba nimeisema nchi yake, labda kama na yeye ramani yake ina mkunjo.

Katika nchi hiyo watu waliacha kufa. Wala halikuwa jambo gumu kama mnavyodhani. Lilitangazwa redioni, kati ya bei ya mahindi na taarifa ya michezo. Watu wa ng'ambo walikuwa wameanzisha tuzo ya nchi yenye furaha kuliko zote, na serikali yetu ikakaa, ikapima, ikaona kinachotuangusha ni misiba. Basi ikaifuta. Tangu siku hiyo mtu akikata roho alihesabika kuwa amehama, na kuhama ni haki ya kila raia. Kulia kwa sauti kukaitwa kelele. Matanga yakaitwa mkusanyiko wa huzuni bila kibali. Na ule ugonjwa wa kuhara uliokuwa ukiwazoa watu wa mabondeni tangu mvua zifurishe vyoo, Waziri wa Afya aliueleza vizuri mno. Alisema wananchi wanahara kwa sababu siku hizi wanakula kushinda zamani.

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa na msasa kiganjani, ndiyo maana nakumbuka.

Ila karakana yetu ilibaki kuwa tatizo.

Ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka lango la hospitali kuu, na juu yake bango la bati: NOLASKO FUNDI MAJENEZA, SAIZI ZOTE. Fundi alikuwa baba mkubwa Nolasko. Mama mkubwa Gaudensia, dada yake mama yangu, ndiye aliyepokea wateja. Mimi nilipiga msasa, nikapaka vanishi, nikashona vitambaa vya ndani.

Kazi ya majeneza ina adabu zake. Mteja akifika hatumwambii karibu. Hatumuulizi habari za nyumbani, maana habari za nyumbani ndizo zilizomleta. Tunasema pole, tunanyamaza, tunamngoja aanze mwenyewe. Hatupigi msumari akiwa amesimama hapo. Na akiondoka hakuna anayemwambia karibu tena. Baba mkubwa alisema fundi wa majeneza akimwambia mtu karibu tena, amemtukania ukoo mzima.

Sasa, siku za kula kushinda zamani zilipochanganya, baba mkubwa naye akashiba. Alishiba usiku kucha, asubuhi macho yakawa yameingia ndani, tukamvusha barabara mpaka wodini. Pale kitandani, midomo imempasuka, alimshika mama mkubwa mkono.

"Gaudensia. Lile la mninga."

"Nalijua. Liko nyuma ya mlango."

"Usiliuze. Na lori wasinipandishe. Nipeleke Kihendo, karibu na mama."

Lori lenyewe lilikuwa la manispaa, limepakwa rangi ya maua na kuandikwa HAMA KWA AMANI. Lilikuwa likiingia hospitalini kila mchana kuchukua waliohama, likawapeleka kwenye bonde nyuma ya uwanja wa ndege, ambako katapila lilikuwa likiwangoja. Ndugu hawakuruhusiwa kupanda. Serikali iliuliza, mtu anayehama kwa hiari yake anasindikizwa ya nini?

Tulipotoka wodini mama mkubwa aliniambia hivi: "Auleria, sikatai kufiwa. Kama ni kufiwa nitafiwa. Ila huyu nitamfikisha kwao, nitamzika, na nitamlilia mpaka sauti inikauke. Basi. Siombi kingine."

Nilimwambia taratibu mama, unapiga kelele.

*

Bwana Erasto alikuja na viatu vyeupe. Alikuwa Mtaalamu Mwandamizi wa Chapa kutoka Wizara ya Sura ya Nchi, kijana wa maneno mazuri, na nyuma yake dereva alibeba rangi, kamba na fulana za njano. Alisimama chini ya bango letu, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, hongera sana. Biashara yako imechaguliwa kupewa sura mpya. Bure kabisa!"

"Nani aliomba?"

"Hakuna anayeomba, Mama. Ndiyo maana inaitwa zawadi." Akaingia, akagonga gonga mbao. "Wajumbe wa tuzo wanakuja kuitembelea hospitali. Wakitoka getini, wanaona nini? Wanaona hili bango. Watajiuliza, kama hawa watu hawafi, haya masanduku ni ya nini?"

"Hata mimi nimejiuliza," akasema mama mkubwa.

Bwana Erasto hakusikia, au alisikia kitaalamu. Alivuta kiti, akaanza kutuhoji kuhusu wateja, maana alisema chapa huanzia kwa mteja.

"Wateja wenu wanasemaje baada ya kutumia bidhaa?"

"Hawasemi kitu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu."

"Wangapi wanarudi mara ya pili?"

Mama mkubwa alinitazama. Mimi nikatazama kopo la gundi. "Anayelitumia harudi," akasema.

"Unaona!" Bwana Erasto alisimama kwa furaha, kama mtu aliyepata jino bovu lilipo. "Miaka yote hii hamna mteja hata mmoja aliyerudi! Na ninyi mnakaa mnaona sawa! Mama, hilo ni tatizo la huduma. Mteja akija mnamwambiaje?"

"Pole."

"Pole?" Alishika kifua. "Mtu analeta fedha zake, unamwambia pole? Kuanzia leo ni karibu. Kwa tabasamu. Na akiondoka, karibu tena. Hebu nikusikie."

Mama mkubwa alichukua ufagio, akaanza kufagia maranda.

"Mama, nikusikie."

"Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye, yuko kijijini, mzima kabisa. Nchi nzima ni wazima."

"Basi karibu na mama yako," akasema mama mkubwa.

Mimi niliinama nikatafuta msumari ambao haukuanguka. Bwana Erasto alicheka sana, akasema hapo sasa, ucheshi ndio unaotakiwa.

*

Sura mpya ilikuja kwa haraka. Tukawa hatuitwi tena Nolasko, tukawa RAHA SAMANI. Bango likawa la njano, limechorwa mtu amelala anatabasamu, na chini yake kaulimbiu: UKILALA, HUTAKI KUAMKA. Bwana Erasto aliitunga mwenyewe akiwa anaoga. Neno jeneza lilifutwa kwa dawa ya kutolea rangi. Majeneza yakawa makabati ya kulalia, na kwa kuwa kabati lazima lisimame, aliyasimamisha yote ukutani, akaagiza yatiwe rafu. Ndani ya lile la mtu mzima aliweka vikombe. Ndani ya yale madogo aliweka maua ya plastiki na chumvi.

Kisha ikaja promosheni.

"Tunaanza na ofa ya familia," alisema. "Mteja akinunua kabati la mtu mzima, dogo anapata bure."

"Hiyo haina haja ya kutangaza," mama mkubwa akamwambia. "Msimu huu wanachukua hivyohivyo. La mama na la mtoto, pamoja."

"Safi sana! Kumbe soko la familia mnalo tayari!" Akamwagiza dereva aiandike ukutani, kwa herufi kubwa.

Akaja mwanamume mmoja kutoka bondeni, suruali imelowa tope mpaka magotini. Bwana Erasto alikuwa amekaa pale akitupima kwa macho. Mwanamume akasimama mlangoni, akasoma ukuta, akasoma bango, akatazama vikombe. Nadhani alifikiri amepotea.

"Karibu Raha Samani," nikasema, na meno nikayaonyesha kama tulivyofundishwa.

Akanitazama usoni muda mrefu. Akasema: "Ni mke wangu."

Nilimtolea vikombe, nikamng'olea rafu. Hakuuliza bei mara mbili. Alipofika mlangoni, sanduku limebebwa na wenzake, Bwana Erasto alinikanyaga mguu.

"Karibu tena," nikasema.

Yule mwanamume alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimefumba macho. Hakunipiga. Wiki ileile alirudi, safari hii peke yake, akanyoosha kidole kwenye yale madogo.

Bwana Erasto alifurahi karibu alie. "Si niliwaambia? Karibu tena moja tu, karudi!"

Siku hiyo mama mkubwa alifunga karakana mchana, akaenda nyuma, akaegemea lile la mninga. Baba mkubwa aliliranda mwenyewe kabla hajashiba, mbao za kutoka kwao Kihendo, pembe zimeumana bila msumari. Lilikuwa bado limefunikwa gunia. Ndipo Bwana Erasto, aliyekuja kupima pa kufunga spika, akalifunua gunia.

"Alaa! Hiki mmekificha kwa nini? Hiki ndicho kitakachokaa jukwaani siku ya uzinduzi!"

"Hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Wodini."

"Basi akipona atakuja kukichukua," akasema Bwana Erasto, na dereva akakibeba. Wakakitia kioo mbele na taa ndogo za rangi pembeni. Mama mkubwa aliwatazama mpaka wakamaliza, kisha akauliza jambo ambalo mimi sikulielewa siku hiyo.

"Bwana Erasto, nimesikia unatafuta mtu wa kutoa ushuhuda."

"Mteja aliyeridhika! Ndiyo, Mama, natafuta mpaka nimechoka. Mheshimiwa Waziri ameagiza lazima awepo, apande jukwaani, aonekane ndani ya bidhaa. Watu wote ninaowaomba wanakimbia."

"Nikikupatia?"

"Mama, nitakubusu miguu."

"Miguu yangu iache. Mtu nitakupatia."

*

Siku ya uzinduzi spika zilianza mapema, na muziki ukawa unaingia mpaka wodini. Baba mkubwa alihama wakati wimbo wa kwanza haujaisha. Mama mkubwa alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kipande cha khanga, akakaa. Muuguzi alipita, akaona, akatazama kando.

"Mama," akanong'ona, "lori likifika hawataulizana na mtu. Jikaze."

"Daktari yuko wapi?"

Daktari alikuja akiwa amevaa fulana ya njano ya Raha Samani, kwa sababu watumishi wote waligawiwa. Mama mkubwa alisimama.

"Daktari, naomba ruhusa ya mgonjwa wangu. Anatakiwa jukwaani."

Daktari alimshika baba mkubwa shingoni, akamwachia. "Mama, huyu mzee..."

"Huyu mzee nini?"

"Huyu mzee ame..."

"Sema, Daktari. Ame nini? Nchi nzima inakusikiliza."

Nje spika ilikuwa inasema majaribio, majaribio, furaha, furaha. Daktari alitazama dirisha, akatazama fulana yake, akatazama muuguzi, ambaye alikuwa ameona kitu cha muhimu sana kwenye dari. Ikawa hivi: kama amekufa, basi daktari ndiye mtu wa kwanza nchini kusema hivyo. Kama amehama, kwa nini yuko kitandani? Kilichobaki ni kimoja.

"Ameruhusiwa," akasema daktari. "Anywe maji mengi."

Tulimvusha barabara kwa machela, mimi, mama mkubwa na wanawake wawili wauza uji wa pale getini. Lori la maua lilikuwa linakata kona kuingia. Dereva wake alituona, akapiga honi kutusalimia, maana tulikuwa tunatabasamu wote.

*

Mheshimiwa Ladislaus Kwembeta, Waziri wa Sura ya Nchi, alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa cheo, na alipenda kuweka mawe ya msingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi. Alikuwa akitembea nayo. Nyuma ya gari lake kulikuwa na mawe ya marumaru yameshachongwa jina lake kwa dhahabu, yamebakizwa nafasi tu ya kuandika mahali. Nchini kwetu palikuwa na mawe ya msingi kila penye uwazi. Majengo hayakuwa na haraka.

Alipanda jukwaani, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Zipo nchi ambazo zinalia. Zinalia asubuhi, zinalia jioni, na uchumi wake unalowa! Sisi tumesema hapana! Sisi samani zetu hazibebi huzuni, zinabeba vikombe!"

Wajumbe wa tuzo, wazungu wenye kofia za jua, waliandika.

"Na leo hatutasema maneno matupu. Leo tuna mteja. Yuko wapi mteja aliyeridhika?"

Pazia likavutwa. Baba mkubwa alikuwa amelala ndani ya mninga wake, taa zinawaka pembeni, shati jeupe, mikono juu ya kifua. Mama mkubwa alikuwa amesimama kichwani kwake. Bwana Erasto alikuwa upande wa pili, kipaza sauti mkononi, na ndiyo kwanza alikuwa anamwona. Uso wake ulianza kubadilika rangi kutoka kwenye masikio.

"Mama," akanong'ona, "huyu ni..."

"Ni mteja," akasema mama mkubwa bila kusogeza midomo. "Na ameridhika. Tabasamu, mwanangu."

Mheshimiwa akainama juu ya kioo. "Mzee wangu! Unaionaje bidhaa?"

Mjumbe mmoja akavua miwani, akaifuta. Bwana Erasto alimeza mate, mimi nilimsikia, kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Mheshimiwa," akasema, sauti imepanda kama ya mtoto, "ameridhika mpaka amekosa la kusema."

Makofi! Watumishi wa hospitali walipiga kwa nguvu kuliko wote. Mheshimiwa naye alipiga, ila nilimwona akinusa, akarudi nyuma kidogo, akanusa tena, kisha akalitazama jua kana kwamba ndilo lenye kosa. Mtu mkubwa hakosi kujua. Hupanga tu asijue nini.

Hapo mama mkubwa akachukua kipaza sauti. Alikuwa hajawahi kukishika, alikishika kama mwiko.

"Mheshimiwa, tunashukuru kwa sura mpya. Biashara imekua, hapa pamekuwa padogo. Tunaomba tufungue tawi jipya kijijini Kihendo. Tunaomba jiwe lako, Mheshimiwa. Leo. Na mteja wetu aende nalo, wenzake wa kule wamwone."

Kwenye neno jiwe, Waziri alikuwa ameshashuka ngazi.

*

Sijawahi kuona maziko yenye ving'ora. Mbele pikipiki, nyuma magari ya wizara, katikati pikapu ya matangazo yenye spika, na juu yake baba mkubwa ndani ya mninga, mimi na mama mkubwa tumeshikilia pembeni lisiteleze. Njia nzima spika iliimba Ukilala, Hutaki Kuamka. Watoto walikimbia kandokando, wakarushiwa fulana. Mama mkubwa alikuwa amekodoa macho mbele, meno nje, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mkono wake ulikuwa umebana wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

Kihendo walikuwa wamepata habari. Vijana wa ukoo walikuwa wamechimba karibu na kaburi la mama yake baba mkubwa, wakauzungushia udongo utepe mwekundu.

Mheshimiwa alichungulia shimo.

"Mbona msingi umekwenda chini hivi?"

"Ni ghorofa, Mheshimiwa," akajibu baba mdogo Nazari, mdogo wake marehemu. Nimesema marehemu, nisameheni, ni kalamu.

"Na hii bidhaa, mbona mnaiteremsha?"

Mama mkubwa akadakia. "Ni sampuli. Tunaanza na bidhaa, jengo litafuata."

"Huo ndio ubunifu!" Mheshimiwa akawageukia watu wake. "Andikeni hiyo. Tunaanza na bidhaa, jengo litafuata." Akakata utepe. Akapewa sepetu yenye ua kwenye mpini, akatia udongo wa kwanza, na wa pili kwa ajili ya mpiga picha ambaye hakuwa tayari.

Paliposikika udongo ule wa kwanza juu ya mbao, mama yangu mkubwa alivuta pumzi. Nilijua kinachokuja. Wanawake wote wa Kihendo walijua, wakamsogelea. Lakini askari nao walisogea, na mmoja akasema kwa adabu sana, "Mama, kelele hapana." Ile pumzi ikarudi chini. Sijui ilikwenda kukaa wapi.

Wakaweka jiwe. Fundi akajaza nafasi iliyobaki, likasomeka: JIWE HILI LA MSINGI LIMEWEKWA NA MHESHIMIWA LADISLAUS KWEMBETA, KIHENDO. Mama mkubwa aliomba liongezwe jina la Nolasko, hata kwa herufi ndogo, hata kwa nyuma. Wakamwambia jiwe la Mheshimiwa halina nyuma. Kuliharibu ni miaka gerezani.

*

Baada ya hapo biashara ilipanuka, siwezi kusema uongo. Wenye msiba walipojua, nisameheni tena, wenye kuhamiwa, walikuja usiku na mchana kuomba matawi. Kila mtu alitaka tawi kwao. Mheshimiwa aliweka mawe mpaka machimbo ya marumaru yakaongezwa wafanyakazi. Redio ikatangaza kwamba Raha Samani ndiyo biashara ndogo iliyokua kwa kasi kuliko zote, na kwamba mabondeni, ambako kulikuwa na uhaba wa huduma, sasa kuna matawi mpaka mengine yamebanana. Bwana Erasto alipandishwa cheo. Siku ya kuagana alisimama mlangoni kwetu, viatu vyake vyeupe vimechoka, akataka kusema kitu. Akasema mama yake kijijini ameanza kula sana. Mama mkubwa hakumfanyia mzaha. Alimpimia mbao, akampa.

Tuzo tulishika nafasi ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na kisiwa ambacho hakina watu.

Mama mkubwa ndiye aliyebadilika. Mchana aliuza, akasema karibu, akasema karibu tena. Jioni sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyekabwa. Hakuwa amemlilia mumewe. Kulia nyumbani kimya aliona ni wizi, na kulia kwa sauti ni kelele. Alipopata nafasi tulipanda Kihendo kupalilia, tukijifanya wakaguzi wa tawi.

Ndipo tukaona jambo. Pale pana njia ya kwenda mnadani, na wapita njia hawakujua ya Nolasko wala ya tawi. Waliona tuta, wakaona jiwe, wakaona jina la mtu kwa dhahabu. Wakaelewa kama binadamu yeyote angeelewa. Tulikuta mishumaa. Tulikuta maua ya porini kwenye kopo. Mama mmoja wa viazi alikuwa amepiga magoti anamwombea Ladislaus Kwembeta pumziko la milele.

Mwaka ulipogeuka, Mheshimiwa alikuja kukagua maendeleo ya ujenzi. Hatukuwa na taarifa, alitukuta pale na majembe. Alishuka na msafara wake, akatafuta ghorofa kwa macho, akaona mishumaa. Akasogea. Alisoma jina lake polepole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. Mama wa viazi alikuwa ametua mzigo wake kando ya jiwe, anapumzika, wala hakumjua.

"Hapa kuna nini?" Mheshimiwa akamuuliza.

"Kuna mtu amelala, baba. Hilo jina lake. Alikuwa mkubwa serikalini, wanasema tumbo lilimkamata."

Watu wa wizara wakaanza kukohoa. Mheshimiwa akawanyamazisha kwa mkono. Mkono wenyewe ulikwenda kwanza tumboni, ukashika hapo, ndipo ukainuka.

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Sisi hatukumjua. Tunamwombea tu, maana hatujamwona hata ndugu mmoja akija kumlilia. Ila hawa wawili wenye majembe."

Mheshimiwa alisimama. Kulibomoa jiwe hawezi, ni kosa la jinai. Kusema ni kaburi hawezi, ni kosa kubwa zaidi. Kusema si lake, jina lipo. Kisha akavua kofia.

Sijui kama mama mkubwa aliamua au lilimtoka. Jembe lilianguka, akafuata na yeye, kifudifudi juu ya tuta, na ile sauti ikatoka, ya mwaka mzima, mpaka ng'ombe wa njiani wakasimama. "Mume wangu wee! Umeniachia nani! Umeniachia nani mimi!" Mama wa viazi akamfuata, na mimi nikafuata.

Askari wakaruka kumshika. Mheshimiwa alisema, "Mwacheni."

"Mheshimiwa, ni kelele."

"Nimesema mwacheni," akasema, macho yake hayajatoka kwenye jiwe, kofia imekunjamana mkononi. "Mwacheni amalize."

Akasimama akasikiliza mpaka mwisho.